Mzee wa Miaka Ishirini na Mitano

Verne Hudak alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, ile iliyomlisha, ilikuwa kuziba mashimo ya barabara za Coalbrook wakati wa joto na kusukuma theluji pembeni wakati wa baridi. Ya pili haikumpa chochote, lakini ndiyo aliyoihesabu kuwa kazi hasa: kujua futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, kuliko binadamu mwingine yeyote aliyeko kati ya mto na mlima. Ukimsimamisha njiani kumuuliza lami itakauka lini, alikujibu kwa mkato. Ukimuuliza juu ya mlinzi fulani wa timu, alizima mashine, akashuka, na gari zilizokuwa nyuma yako zikajua kwamba leo hazifiki.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa msaidizi wa kocha katika sekondari ya mji. Aliwafundisha walinzi wa nyuma kabisa, wale wanaosimama mbali na msukumano, wakimngoja adui aliyewaponyoka wenzao wote. Akiwaponyoka na hao, basi tena, hapo nyuma hakuna mtu ila nyasi na aibu. Verne aliwapenda walinzi hao kwa sababu aliwahi kuwa mmoja wao ujanani, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuponyokwa na mtu. Waliocheza naye walikuwa wakikohoa kila alipofikia hapo.

Mwaka ule kocha mkuu, mzee Dombrosky, alisalimu amri kwa goti lake akastaafu. Kiti kikawa wazi. Verne alikuwa amekwisha kukikalia moyoni tangu Krismasi. Alikwenda mpaka kwa fundi akashonesha koti la buluu lenye maandishi kifuani, KOCHA MKUU HUDAK, akalificha kabatini nyuma ya nguo za mkewe. Marlene, mkewe, aliliona siku hiyohiyo.

"Umeshapewa kazi?" alimuuliza.

"Bado kamati kukaa tu."

"Sasa koti la nini?"

"La kamati ikishakaa."

Marlene alilirudisha kabatini. Miaka thelathini na zaidi ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba kubishana na Verne ni kazi ya mshahara, na yeye hakuwa analipwa.

Sasa, kila mwisho wa Aprili, timu kubwa za nchi hukaa na kuchagua vijana kutoka vyuoni, moja baada ya nyingine kwa zamu, na nchi nzima hutazama kwenye televisheni kana kwamba wanachaguliwa wakwe. Coalbrook walitazamia kwenye klabu ya Waslovaki, penye bia ya bei nafuu na soseji zinazochemka tangu saa sita mchana. Verne alikuwa na kiti chake mbele. Hakuna aliyemkataza, maana ukimnyima kiti alisimama, na akisimama aliongea zaidi.

Jioni ile, raundi ya pili, zamu ya timu waliyoishabikia ilifika. Jina likasomwa: Tavaris Odom, mlinzi wa nyuma, kutoka chuo kidogo cha kusini ambacho watu wa klabu hawakujua kama kipo. Picha yake ikaja. Chini ya picha zikaja urefu, uzito, na umri.

"Ishirini na mitano!" Verne aliruka kwenye kiti. "Ishirini na mitano! Huyu tumemteua au tumemstaafisha?"

Klabu nzima ikacheka. Hicho ndicho alichokitaka.

"Mleteeni kiti akae! Mleteeni na blanketi, asije akapigwa na baridi kwenye mifupa!"

"Lakini ana mbio, Verne," alisema Stush Wojtas, rafiki yake tangu darasa la kwanza, mtu mnene, mpole, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kusoma magazeti kabla ya kuzungumza. "Hebu mtazame anavyokimbia."

"Hata basi bovu lina mbio likiteremka mlima."

"Wanasema alichelewa kuingia chuo. Mama yake aliugua. Alifanya kazi miaka mitatu kiwanda cha kuku, huko kwao Alabama."

"Kuku!" Verne aliwageukia watu wote, mikono juu. "Mnasikia jamani? Mlinzi wetu kazi yake ni kudaka vitu vinavyopita hewani, na huyu amesomea kuku!"

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Verne alingoja kicheko kipungue, maana alikuwa na jambo zito na hakutaka lizame.

"Nawaambia siku zote. Sheria ya Hudak. Mtu akishapita ishirini na tatu, ulichoona ndicho ulichonacho. Hakui tena. Huwezi kumfundisha kitu. Unanunua kijana mbichi, unamwivisha mwenyewe. Huyu kaiva, kaanza na kuoza. Mwone Kyle Brozek! Nilimchukua ana miaka kumi na minne, hajui hata kufunga kamba za viatu. Nikasema, huyu ana nafasi ya kukua. Nilikosea?"

"Hukukosea," wakajibu, maana Kyle alikuwa mwalimu wa mazoezi pale shuleni sasa, kijana wa ishirini na saba anayependwa na kila mtu, na Verne alimtaja kama mtu anavyotaja nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Ambacho Verne hakukitaja, labda kwa sababu hakukifikiria hata kidogo, ni kwamba Kyle naye alikuwa ameomba kile kiti cha ukocha mkuu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Verne alipiga simu redioni. Ilikuwa desturi yake ya kila Jumamosi. Kule redioni watu hujitambulisha kwa jina moja na mahali wanapotoka, wakamwaga nyongo yao, wakakata. Verne, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye cheo cha shule, alijiita Vic wa Mlimani, na aliamini kwa dhati kwamba hakuna aliyemjua. Kila mara, kabla ya kuanza, alikohoa kikohozi chake cha mara mbili, na kila mara Pretzel, mbwa wake mwenye miguu mifupi, alibweka kwa nyuma. Coalbrook nzima ilikifahamu kile kikohozi. Watoto wa shule walimfahamu mpaka mbwa.

"Vic wa Mlimani!" alisema Dutch, mtangazaji. "Nilijua utapiga. Tumepata mlinzi."

Kikohozi. Kikohozi. Mbwa.

"Tumepata babu, Dutch. Tumeokota babu."

Akaanza. Alisema habari ya blanketi, ya basi bovu, ya kuku, kisha akaongeza mapya aliyoyabuni usiku kitandani huku Marlene amejifanya kalala. Akaitangaza Sheria ya Hudak, ila kwa jina la Sheria ya Vic.

Saa hiyohiyo, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Sirili, wanawake wa parokia walikuwa wamezunguka meza ndefu wakitengeneza pirogi za kuuza. Mmoja anasukuma unga, mmoja anakata duara, mwingine anatia kibonge cha viazi na jibini, na waliobaki wanakunja na kufinya kingo, vidole vikienda mbio bila kutazamwa. Redio hukaa dirishani, na huwa kwenye futiboli, kwa amri ya Mama Baran. Mama Dolores Baran alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alifinya pirogi tangu akiwa binti, alimiliki redio, na kwa miaka mingi kila uchaguzi ulimrudisha kwenye uenyekiti wa bodi ya shule, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusimama dhidi yake.

Aliposikia mbwa akibweka, aliinyooshea redio mkono wenye unga akaongeza sauti.

"Huyu si Verne wa Marlene huyu?" mmoja aliuliza.

"Nyamaza," alisema Mama Baran. "Nataka kusikia."

Jumapili, baada ya misa, Stush alimvuta Verne pembeni karibu na sanamu ya mtakatifu.

"Verne. Jumatano unakwenda mbele ya kamati."

"Najua. Nitavaa tai."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na saba. Mimi na wewe tumepishana wiki mbili, unaniuliza nini?"

"Na Kyle ana ishirini na saba. Nawe umetangaza redioni kwamba mtu akishapita ishirini na tatu hafai kitu."

"Vic ndiye aliyetangaza."

Stush alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje na anajisifia shati.

"Hata Monsinyori pale madhabahuni anajua Vic ni nani, bwana. Piga simu. Sema umelifikiria tena, yule kijana apewe muda. Basi, yameisha."

"Nijikane mbele ya watu? Kwa ajili ya babu wa kuku?"

"Kwa ajili ya kazi, Verne! Ndiyo kazi unayoililia tangu tukiwa vijana!"

"Sheria yangu ni ya wachezaji. Kocha ni kitu kingine. Kocha ni kama divai."

"Mkuki kwa nguruwe, eh?" Stush alisema, akaenda zake kwenye gari.

Maneno yale yalimchoma Verne, na mtu kama Verne akichomwa hatafuti maji, anatafuta kuni. Jumatatu jioni akapiga simu tena. Dutch, ambaye mkate wake unatokana na watu kama hawa, akamchokoza.

"Vic, wasikilizaji wanauliza. Hii sheria yako ni ya walinzi tu, au ni ya watu wote?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Angeweza kusema ni ya walinzi tu, akalala salama. Lakini alisikia kwenye sauti ya Dutch kicheko kidogo, akaona anapimwa kama mtu asiye na msimamo, na ulimi, usio na mfupa, ukatangulia.

"Ni ya kila kitu chenye magoti, Dutch."

Marlene, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili, aliacha kukunja. Alisimama kidogo na soksi mkononi, kisha akaendelea.

Jumatano kamati ilikaa kwenye maktaba ya shule. Verne alikuja na tai na nywele zilizolazwa kwa maji. Aliketishwa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kidevuni. Mbele yake alikaa Mama Baran katikati, kulia Daktari Pavlik, mng'oa meno wa mji, na kushoto mwalimu mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana.

Daktari Pavlik aliuliza habari za mafunzo na nidhamu, na Verne alijibu vizuri. Ni haki kusema hivyo. Alieleza jinsi anavyowafundisha vijana kutazama kiuno cha mkimbiaji badala ya macho yake, kwa kuwa macho hudanganya na kiuno hakijui kudanganya. Alieleza alivyokaa na kijana fulani aliyeshindwa hesabu mpaka akafaulu, wakitumia kadirio la mbio za adui. Sauti yake ilishuka ikawa ya kawaida, akasahau kuwa mjuaji, na kwa dakika chache alionekana alivyo: mtu anayewapenda watoto wa watu na anayejua kazi yake. Hata mwalimu mkuu alikubaliana kwa moyo safari hii.

Kisha Mama Baran akavua miwani.

"Verne, mwanangu, nieleweshe kitu. Mimi mzee, mambo mengine yananipita. Hivi yule mlinzi mpya, yule Odom, tumefanya vizuri kumchukua?"

Verne alihisi kwamba hapa pana shimo. Yeye alikuwa mtu wa mashimo, alipaswa kulijua. Lakini ameulizwa habari za mlinzi, na hajawahi katika maisha yake kuulizwa habari za mlinzi akanyamaza.

"Kwa kweli, Mama Baran, ni mkubwa mno."

"Mkubwa wa mwili?"

"Wa umri. Hana nafasi ya kukua."

"Ahaa. Na mtu huacha kukua akiwa na miaka mingapi?"

"Inategemea, Mama."

"Kuna bwana mmoja redioni anasema ishirini na tatu. Mimi nina themanini na mmoja. Wewe una hamsini na saba. Kwa hesabu yake mimi niliisha mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Huyo bwana unamwonaje? Anajua anachosema?"

Daktari Pavlik alikuwa anatazama dari. Mwalimu mkuu alikuwa anatafuta mtu wa kukubaliana naye na hamwoni.

"Anajua," alisema Verne kwa sauti ndogo. "Ila, yaani, ile ni kwa wachezaji."

"Alisema kila kitu chenye magoti. Nilimsikia kwa masikio yangu. Una magoti, Verne?"

Magoti ya Verne yalikuwa pale, mbele ya kidevu chake, kila mtu anayaona.

"Huenda alikosea?" Mama Baran aliuliza, na sauti yake ilibadilika, ikawa laini, karibu ya kubembeleza. Aliinama mbele kidogo. "Watu hukosea. Mimi ningemwelewa."

Verne alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, jepesi, mtoto wa chekechea analiweza. Lakini aliona klabu nzima, aliona Stush akitabasamu, aliona kiti chake cha mbele, na neno likakataa kutoka.

"Kisayansi," alisema, "yuko sahihi."

Mama Baran alivaa miwani yake.

"Asante sana, Verne. Tutakujulisha."

Walimjulisha Ijumaa. Kazi alipewa Kyle Brozek. Tangazo kwenye mlango wa shule lilisema kamati imevutiwa na ujana wake na nafasi kubwa aliyonayo ya kukua, na aliyelisoma akacheka alijua kwa nini anacheka. Pale klabuni wakamtungia mchezo. Kila Verne alipoinuka kitini, mtu alipaza sauti: "Mleteeni blanketi!" Alicheka nao siku ya kwanza. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku ya tatu alibaki nyumbani, na aliumia, aliumia kweli, akakaa gereji akitazama ukuta na hakutaka hata redio.

Kyle alikuja Jumamosi na boksi la maandazi. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Kocha, nimekuja kukuomba. Walinzi wa nyuma ni wako. Mimi siwezi kuwafundisha kama wewe. Kila ninachokijua umenipa wewe."

Hili nalo lilikuwa mlango, wa tatu kwa hesabu, na Verne alikuwa na kipaji cha kuiona milango na kuipita.

"Nikubebee na chupa za maji?"

"Kocha, sijasema hivyo."

"Nilikufundisha kufunga kamba za viatu, mtoto wewe! Leo nije kwako nikuulize niketi wapi? Ondoka na maandazi yako."

Kyle aliondoka, lakini maandazi aliyaacha, na Verne akayala yote gereji kwa hasira. Alingoja Kyle arudi mara ya pili, maana katika hesabu zake mtu wa heshima huombwa mara mbili. Kyle alikuwa kijana mtiifu. Alikuwa ameambiwa aondoke, akaondoka. Mwezi wa Agosti aliwapa walinzi wa nyuma rafiki yake wa chuo, kijana wa miaka ishirini na minne, na mazoezi yakaanza. Kutoka barabarani, alikokuwa akiziba mashimo, Verne alisikia filimbi. Aliona vile vijana wanavyotazama macho ya wakimbiaji na kudanganywa, mmoja baada ya mwingine, na hakuwa na mtu wa kumpigia kelele. Lile koti la buluu Marlene alilitoa kabatini, akalitandika kwenye kikapu cha Pretzel.

Vuli ilipoingia Marlene alichoka. Mume anayenung'unika klabuni ni mzigo wa klabu, lakini anayenung'unika jikoni ni mzigo wako.

"Kesho unakuja kanisani," alimwambia. "Wanataka mtu wa kumenya viazi."

"Mimi?"

"Una mikono miwili. Au nayo imepita ishirini na tatu?"

Hivyo ndivyo Verne Hudak alivyojikuta Jumamosi moja ya Oktoba kwenye chumba cha chini cha Mtakatifu Sirili, amefungwa aproni yenye maua, anamenya viazi vya pirogi katikati ya wanawake kumi na wawili. Redio ilikuwa dirishani. Alipoitambua na kugundua imewekwa wapi, na kwamba masauti yake yote ya Jumamosi zote yalikuwa yakiangukia kwenye meza hii, masikio yalimwiva. Aliinamisha kichwa, akamenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

"Umemenya au umekichonga?" aliuliza Mama Baran. "Njoo huku. Viazi vitatuisha. Njoo ufinye."

Alimpa duara la unga, akamwonyesha: kunja, bana, vuta, bana. Pirogi ya kwanza ya Verne ilipasuka kabla haijafika kwenye sinia. Ya pili ilitoa viazi ubavuni.

Ndipo redio ikaanza habari ya Odom. Alhamisi iliyopita, mlinzi yule alikuwa amenyaka pasi mbili za adui, ya pili sekunde za mwisho kabisa, akakimbia nayo uwanja mzima mpaka akafunga. Timu ilishinda. Nchi ilikuwa haizungumzi kingine.

"Na tumeuliza," alisema Dutch, akifurahia kila neno, "tumeuliza chanzo cha ukali wa huyu kijana, naye akasema: kiwandani alikuwa akipokea kuku mia kwa dakika, wanakuja wananing'inia kwa kasi, ukikosa mmoja msimamizi anakukata mshahara wa siku. Anasema pasi ya futiboli, ikilinganishwa, inakuja polepole! Vic wa Mlimani! Ndugu yangu, uko wapi? Hujapiga tangu majira ya machipuko. Mbwa kakula simu?"

Mikono yote mezani ilisimama. Sura kumi na mbili zilimgeukia Verne. Hakuna aliyejifanya hajui. Marlene alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye unga.

Mama Baran alifuta vidole kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akazungumza na mtu, akangoja. Kisha akamwekea Verne sikioni na kuishikilia yeye mwenyewe, kwa kuwa mikono ya Verne ilikuwa imejaa unga.

"Uko hewani," Dutch alisema, kwenye simu, na nusu sekunde baadaye dirishani.

Verne alikohoa mara mbili. Hapakuwa na mbwa wa kumwitikia.

"Dutch. Huyu si Vic. Huyu ni Verne Hudak, wa Coalbrook." Alimeza mate. "Yule mlinzi. Odom. Nilikosea kidogo."

Alitaka kurudisha kichwa nyuma, lakini simu ya Mama Baran ilimfuata.

"Ondoa hiyo kidogo," alimnong'oneza.

"Nini?"

"Kidogo. Iondoe."

Jasho lilimtoka Verne chini ya maua ya aproni.

"Nilikosea," alisema.

Haikuanguka dari. Dutch, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alikimbilia tangazo la matairi bila mzaha. Mama Baran alirudisha simu mfukoni, akachukua duara la unga, akaendelea kufinya. Alizungumza bila kumtazama, kwa sauti ya kumfikia yeye tu.

"Kura yangu ilikuwa yako, Verne. Niliingia maktaba pale nikiwa nayo mkononi. Hilo neno ndilo nililokuwa nangoja."

Macho ya Verne yalijaa machozi, akayainamisha kwenye pirogi iliyokuwa mbele yake, yake ya tatu, iliyovimba upande mmoja na kuacha mdomo wazi upande wa pili.

Mama Baran aliinyanyua kwa vidole viwili. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipima, akaitazama mikono iliyoitengeneza.

"Una miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na saba, Mama. Mwezi ujao hamsini na minane."

Mama Baran alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesoma chini ya picha kwenye televisheni. Kisha aliibomoa ile pirogi, akaukanda unga ukawa donge, akalisukuma duara upya kwa kiganja, akamwekea mbele.

"Rudia," alisema.